Kuhama Kutoka DOS Kwenda Linux: Matatizo ya Diski na Njia ya Kuziokoa Hesabu za Chama

Mali ya chama cha ushirika si mazao yaliyo ghalani na fedha zilizo benki tu. Ipo mali nyingine ambayo haiandikwi katika mizania, nayo ni kumbukumbu: nani ni mwanachama, ana hisa ngapi, ameweka akiba kiasi gani, amekopa nini na amekwisha kulipa nini. Ghala likivuja, huharibika mazao ya msimu mmoja. Kumbukumbu zikipotea, haki ya mwanachama aliyeweka akiba kwa miaka 20 hubaki kutegemea stakabadhi alizozitunza nyumbani na ukumbusho wa watu.

Ofisi nyingi zilizoanza kutumia kompyuta katika miaka ya 1980 na 1990 ziliweka kumbukumbu za namna hiyo kwa programu za DOS, kama vile dBASE kwa madaftari ya majina na Lotus 1-2-3 kwa majedwali ya hesabu. Chama ambacho kompyuta yake ya zamani ingali mezani, au imefungiwa kabatini na miaka yote ya nyuma ikiwa ndani yake, kikiamua kuhamia Linux ambayo hupatikana bila kulipia leseni, hudhani kwamba kazi kubwa itakuwa kujifunza programu mpya. Sivyo. Kazi kubwa ni kuivusha diski salama.

Jambo ambalo kila katibu hana budi kulishika ni hili: hatari iliyo kubwa kuliko uzee wa diski ni mkono wa mtu anayeandika juu ya diski kabla hajaielewa. Diski iliyokataa kusomeka aghalabu bado ina hesabu zote. Diski iliyofomatiwa kwa makosa, au "iliyotengenezwa" kwa amri isiyofaa, huenda isiwe nazo tena. Hivyo basi utaratibu wa kazi yote ni mmoja: nakala kwanza, utambuzi pili, matengenezo mwisho, tena matengenezo hayo yafanywe juu ya nakala, wala si juu ya diski yenyewe.

DOS NA LINUX ZINAVYOIONA DISKI

MS-DOS ilitoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta ya IBM PC. Toleo la 6.22, la mwaka 1994, ndilo lililokuwa la mwisho kuuzwa peke yake. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Mifumo hii miwili hutumia diski za aina moja, lakini huzitazama kwa njia tofauti, na matatizo mengi huzaliwa katika tofauti hiyo.

Diski hugawanywa kama shamba linavyogawanywa vitalu. Kila kitalu huitwa patisheni. Ramani ya vitalu hivyo huwekwa katika sekta ya kwanza kabisa ya diski. Sekta hiyo ina baiti 512: baiti 446 za maelekezo ya kuwashia kompyuta, baiti 64 za jedwali la patisheni lenye nafasi 4 tu, na baiti 2 za mwisho ambazo ni alama ya uhalali. Baiti hizo 64 zikiharibika, vitalu vyote huonekana kama vimetoweka, ingawa mazao yangali shambani.

DOS huziita patisheni kwa herufi: C, D, E na kuendelea. Herufi hizo si mali ya patisheni. DOS huzigawa upya kila kompyuta inapowashwa. Huanza na patisheni ya msingi ya kila diski, kisha ndipo hurudi kwa patisheni zilizo ndani ya patisheni ya nyongeza. Linux haina herufi hizo. Huita diski ya kwanza /dev/sda, ya pili /dev/sdb, na patisheni zake kwa namba: 1 hadi 4 kwa zile zilizo katika jedwali kuu, na kuanzia 5 kwa zile za ndani. Katika matoleo ya zamani diski za IDE ziliitwa /dev/hda na /dev/hdb. Katibu akikutana na majina hayo katika vitabu vya zamani asishangae. Majina ya Linux nayo yaweza kubadilishana nafasi kompyuta inapowashwa upya. Kwa sababu hiyo diski itambuliwe kwa ukubwa, aina na namba yake ya kiwandani, wala si kwa jina pekee.

Tofauti nyingine ni ya vipimo. MS-DOS huitafuta sekta kwa namba tatu, yaani silinda, kichwa na sekta, nayo huzipata kupitia BIOS, ile programu ndogo iliyomo katika ubao wa kompyuta. Linux ikishawaka haiitegemei BIOS. Huiuliza diski yenyewe ukubwa wake na kuhesabu sekta moja baada ya nyingine tangu mwanzo. Kwa hiyo si ajabu DOS na Linux zikatoa ukubwa tofauti kwa diski moja, na tofauti hiyo peke yake si dalili ya ubovu.

KABLA YA KUIFUNGUA KOMPYUTA YA ZAMANI

Ikiwa kompyuta ya DOS bado yawaka, ipewe kazi yake ya mwisho kwanza.

Kwanza, ichapishwe karatasi ya urari, orodha ya wanachama pamoja na salio la kila mmoja, na idadi ya wanachama. Karatasi hizo ndizo zitakazotumiwa kuhakiki kwamba kilichofika ndicho kilichotoka.

Pili, orodha ya faili iandikwe kwa amri ya DIR, na ukubwa wa kila faili uonekane.

Tatu, ifunguliwe sehemu ya mipangilio ya BIOS, na namba zote za diski zinakiliwe kwa mkono: silinda, vichwa, sekta, pamoja na neno linaloonyesha namna ya kuhesabu, ambalo kwa kawaida ni NORMAL, LARGE au LBA. Katika kompyuta za zamani namba hizi hutunzwa na betri ndogo. Betri ikifa, kompyuta husahau diski yake na kutangaza kwamba ni mbovu, ilhali ni nzima. Aliye na namba zilizoandikwa huzirudisha kwa dakika chache. Asiyekuwa nazo hujaribu kubahatisha, na DOS ikiruhusiwa kuandika kwa vipimo vya kubahatisha huweka maandishi mapya juu ya ya zamani.

Nne, ichunguzwe kama diski imebanwa. MS-DOS 6.0 ya mwaka 1993 ilikuja na DoubleSpace, na 6.22 ikaja na DriveSpace, programu zilizobana faili ili diski ndogo ibebe vitu vingi. Ikiwa imebanwa, faili zinakiliwe nje wakati DOS ingali inafanya kazi. Sababu yake itaelezwa mbele.

Kadhalika isahihishwe dhana moja. Baadhi ya makatibu hutaka kuiweka Linux ndani ya kompyuta ile ile ya zamani. Kwa kompyuta nyingi za zama za DOS jambo hilo haliwezekani tena kwa urahisi. Linux iliacha kuzihudumia kompyuta za aina ya 386 katika toleo la 3.8 la mwaka 2013, na Debian 13 iliyotolewa Agosti 2025 haina tena programu ya kuuweka mfumo huo katika kompyuta za biti 32 za aina ya i386. Njia iliyo salama ni kuiweka Linux katika kompyuta nyingine, kisha kuipeleka diski ya DOS huko ikasomwe. Na wakati wa kuiweka Linux, diski ya DOS isiwe imeunganishwa kabisa. Programu ya kuweka mfumo huuliza kama itumie diski nzima. Jibu la "ndiyo" kwa diski isiyo yake laweza kufuta miaka yote ya chama.

KUIUNGANISHA DISKI

Diski ya IDE huunganishwa kwa kebo pana ya utepe. Ukingo wa kebo wenye rangi, kwa kawaida nyekundu, huelekea pini namba 1. Nyuma ya diski huwa na jampa, yaani kipande kidogo cha kuunganishia pini mbili, ambacho huamua kama diski ni kiongozi au mfuasi katika kebo moja. Diski mbili zikiwekwa zote kuwa viongozi, moja au zote mbili zaweza zisionekane. Michoro ya jampa kwa kawaida huwa juu ya kibandiko cha diski yenyewe.

Kompyuta za siku hizi hazina nafasi ya kebo hiyo, hivyo hutumiwa adapta ya kugeuza IDE kuwa USB. Katibu afahamu kwamba baadhi ya adapta haziwezi kuzisoma diski za kale sana zinazojua njia ya silinda, vichwa na sekta tu. Adapta ikishindwa, diski isihukumiwe kuwa imekufa. Ijaribiwe katika kompyuta ya zamani yenye nafasi ya IDE na inayoweza kuwashwa kwa Linux kutoka sidii.

Zipo pia diski zilizotangulia IDE, ambazo hutambulikana kwa kuwa na kebo mbili za utepe, moja pana na nyingine nyembamba, mbali na waya za umeme. Hizo huitegemea kadi ya kompyuta yake na hazisomeki kwingine kwa adapta ya kawaida. Faili zake zitolewe kwa disketi, au kwa programu ya INTERLNK ya MS-DOS 6 inayopeleka faili kwa waya hadi kompyuta nyingine ya DOS. Kwa disketi zitumiwe amri za COPY au XCOPY, wala si BACKUP wala MSBACKUP, kwa kuwa disketi za namna hiyo hazifunguki katika Linux kama faili za kawaida.

KUCHUKUA NAKALA YA DISKI NZIMA

Diski ikishaunganishwa, Linux iulizwe inaona nini:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MODEL,SERIAL

Diski ya DOS itambulike kwa ukubwa na aina yake. Mfumo wake wa faili utaandikwa vfat. Tangu hapa mfano utachukulia kwamba diski hiyo ni /dev/sdb. Katibu aandike jina alilolithibitisha mwenyewe. Baadhi ya kompyuta hufungua diski zenyewe mara zinapounganishwa. Ikiwa hivyo, ifungwe kabla ya kuendelea.

Kisha ichukuliwe nakala ya diski nzima, sekta kwa sekta, kwa programu ya ddrescue:

sudo ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Amri hii husoma kwanza sehemu nzima na kuzipita haraka zile zinazogoma. Kama zipo zilizogoma, ifuate amri ya pili inayozirudia mara 3:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Faili la diski.map ni daftari la kazi: huonyesha kilichosomwa na kilichobaki, hata umeme ukikatika kazi huendelea pale ilipoishia. Lisifutwe.

Nakala ihifadhiwe mahali penye nafasi ya kutosha. Flashi zilizofomatiwa kwa FAT32 hazipokei faili moja lenye ukubwa wa GB 4 au zaidi. Hivyo nakala ya diski ya GB 8 itakwama katikati hata kama flashi ina GB 64. Nakala hiyo iwekwe katika diski ya Linux yenyewe, kisha itolewe nyingine ya pili ikahifadhiwe nje ya ofisi.

Baada ya hapo diski ya zamani ing'olewe, ifungwe vizuri, iandikwe tarehe, iwekwe katika kasha la chama. Kazi yote inayofuata ni ya nakala:

sudo losetup --find --show --read-only --partscan diski.img

Linux itajibu kwa jina kama /dev/loop0. Patisheni ya kwanza ifunguliwe kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt

Faili zikionekana katika /mnt, zinakiliwe zote kwenda katika saraka mpya. Zisipoonekana, ndipo utambuzi unapoanza.

DALILI, SABABU NA TIBA

1. Diski haionekani kabisa. Isikilizwe kwanza. Ikiwa haizunguki, ichunguzwe waya ya umeme na adapta. Ikiwa inazunguka kwa utulivu, ichunguzwe jampa na kebo. Ikiwa inagonga kwa mdundo unaojirudia, izimwe mara moja. Kila dakika ya kuiwasha yaweza kuuzidisha uharibifu, na huo ni ugonjwa wa fundi aliyebobea, si wa amri yoyote ya kompyuta.

2. Diski inaonekana, lakini patisheni hazipo au hazifunguki. Iangaliwe kwa sudo fdisk -l diski.img. Ikitajwa aina ya namba 54 au 55, basi diski ilikuwa na programu ya kati, kama Ontrack Disk Manager au EZ-Drive. Programu hizo ziliwekwa mwanzoni mwa diski ili BIOS za zamani ziweze kuzitumia diski kubwa kuliko uwezo wake. DOS ikiwashwa kutoka katika diski hiyo huona kila kitu sawasawa. Mfumo mwingine ukiitazama diski hiyo moja kwa moja huona jedwali la ajabu. Kwa Disk Manager, diski halisi huanza sekta 63 mbele, yaani baiti 32,256, na nakala yaweza kufunguliwa kwa kuongeza maneno --offset 32256 katika amri ya losetup. Kwa hali nyingine za namna hii programu ya TestDisk huzitafuta patisheni zilizopotea, huonyesha faili zilizomo na kuruhusu zinakiliwe nje bila kuandika chochote juu ya diski.

Hapa ndipo penye mtego mbaya. Wapo wanaoshauri amri ya DOS ya FDISK /MBR kwa kila diski isiyowaka. Amri hiyo huandika upya maelekezo ya kuwashia. Katika diski yenye programu ya kati, huifuta programu hiyo, na DOS iliyokuwa ikiiona diski huacha kuiona.

3. Linux yalalamika kwamba patisheni haiishii mwisho wa silinda. Hilo lilikuwa onyo la kawaida la matoleo ya zamani ya fdisk, nalo lilitokana na tofauti ya vipimo iliyoelezwa hapo juu. Si ugonjwa, wala lisitibiwe. Kuisogeza mipaka ya patisheni ili kulinyamazisha onyo ni kung'oa mawe ya mipaka ya shamba kwa sababu ramani mbili hazikuchorwa kwa kalamu moja.

4. Ukubwa wa diski ni pungufu. Yapo mafungu yanayojulikana. Njia ya zamani ya BIOS na IDE kwa pamoja ilikomea silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, yaani baiti milioni 528. Njia iliyopanuliwa ilikomea karibu baiti bilioni 8.4. Patisheni moja ya FAT16 katika DOS haizidi GB 2. Ukubwa ukikomea katika moja ya namba hizo, kilichokomea ni mfumo, si diski. Zipo pia diski zenye jampa ya kupunguza ukubwa kwa makusudi.

5. Badala ya faili za chama laonekana faili moja kubwa mno. Likiitwa DRVSPACE.000 au DBLSPACE.000, hilo ndilo ghala lenyewe: faili zote za chama zimo ndani yake zikiwa zimebanwa. Linux ya kawaida hailifungui. Lisifutwe kwa kudhaniwa kuwa takataka. Dawa yake ni kurudi katika DOS ile ile iliyolibana, na kuzinakili faili kutoka huko.

6. Faili zilizokuwa D sasa ni za mtu mwingine. Diski ya pili ilipoongezwa katika kompyuta ya DOS, patisheni yake ya msingi ilichukua herufi D, na iliyokuwa D ikasukumwa kuwa E. Katibu aliyezoea kuchukua nakala kwenda D, au mbaya zaidi kufomati D, atafanya kazi ile ile juu ya mali nyingine. Kwa sababu hiyo, kabla ya amri yoyote ya kuandika, yaliyomo katika patisheni yasomwe kwanza.

7. Baadhi ya faili zina makosa. Nakala ichunguzwe kwa sudo fsck.fat -n /dev/loop0p1. Herufi -n huzuia mabadiliko yoyote. FAT kwa kawaida huweka majedwali mawili yanayofanana ya kuonyesha mahali faili zilipo, hivyo moja likiharibika lingine laweza kusaidia. Na faili lililofutwa katika DOS halifutwi papo hapo: herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa, na yaliyomo hubaki mpaka yaandikiwe juu. Ndiyo sababu diski iliyopoteza faili haipaswi kuandikwa hata neno moja. Kwa sababu hiyo hiyo SCANDISK na CHKDSK /F zisiendeshwe katika diski asilia yenye mashaka. Hizo hukusanya vipande vilivyopotea na kuvipa majina kama FILE0000.CHK, na kwa kufanya hivyo hubadilisha majedwali yenyewe.

8. Kompyuta ya DOS iliyogawiwa Linux tangu zamani huonyesha LI na kusimama. Hizo ni herufi mbili za kwanza za LILO, programu ya kuwashia iliyotumika sana katika miaka ya 1990. Kusimama hapo kwa kawaida huonyesha vipimo vya diski visivyopatana, au faili za kuwashia zilizohamishwa bila LILO kuarifiwa. Data haijaguswa. Diski isomwe kwa kuitoa, kama ilivyoelezwa. Na katika kompyuta kama hiyo FDISK ya DOS isitumiwe: huiita patisheni ya Linux "Non-DOS", na hukubali kuifuta.

KUHAKIKI KWAMBA KILICHOFIKA NDICHO KILICHOTOKA

Faili kuonekana si uthibitisho. Programu ya LibreOffice Calc hufungua faili za .DBF za dBASE na .WK1 za Lotus. Salio la kila mwanachama lilinganishwe na karatasi iliyochapishwa, na jumla ilinganishwe na urari.

Idadi ya wanachama ikizidi ile iliyo katika karatasi, kuna sababu moja ya kuitafuta kwanza. Katika dBASE, jina lililofutwa huwekewa alama tu na hubaki ndani ya faili mpaka itolewe amri ya PACK. Programu nyingine zaweza kuwahesabu waliofutwa kama wanachama hai. Pia izingatiwe kwamba faili la .DBF haliji peke yake: maelezo marefu huwa katika faili la .DBT lenye jina hilo hilo, nalo lisipochukuliwa maelezo hayo yamepotea. Faharasa za .NDX au .MDX zaweza kutengenezwa upya.

Katika diski ya Linux, LEJA.DBF na leja.dbf ni faili mbili tofauti. Katika DOS zilikuwa moja. Majina yaachwe kama yalivyotoka, la sivyo chama kitajikuta na leja mbili, kila moja ikiwa na nusu ya ukweli.

Anayetaka kuiona programu ya zamani ikifanya kazi aweza kutumia DOSBox ndani ya Linux. Hiyo yatosha kusoma na kuhakiki. Iliundwa kwa ajili ya michezo, hivyo hesabu mpya za chama zisiingizwe humo.

WAJIBU WA KATIBU NA HALMASHAURI

Uhamisho huu si kazi ya fundi peke yake, kwa maana fundi hajui salio la mwanachama yeyote. Uamuzi wa kuhama upitishwe na Halmashauri na uandikwe katika muhtasari. Siku ya kazi wawepo katibu, mtunza hazina na mjumbe mmoja. Iandikwe taarifa fupi: diski gani, ukubwa wake, tarehe, nani aliigusa, sekta ngapi hazikusomeka, na matokeo ya ulinganisho. Taarifa hiyo itiwe sahihi na wote watatu na kuonyeshwa kwa mkaguzi.

Diski ya zamani isiuzwe, isifutwe, wala isitumiwe kwa kazi nyingine mpaka hesabu za mwaka wa kwanza katika mfumo mpya ziwe zimekaguliwa. Nafasi inayochukua kabatini ni ndogo kuliko kitabu kimoja cha stakabadhi.

Wanachama nao wana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu: nakala za hesabu zetu ziko ngapi, ziko wapi, na mara ya mwisho zilifunguliwa lini kuhakikisha kwamba zinasomeka? Katibu aliyefuata utaratibu huu atakuwa na jibu la kila swali, tena lenye sahihi tatu chini yake.